Nyuzi Kuukuu za Besi: Kuhama Gitaa Hili Kwenda Lile

Wapenzi wa muziki, leo naomba tuipumzishe siasa kidogo.

Kuna swali ambalo wapiga besi huulizana kwa sauti ya chini, kama watu wanaoulizana habari za deni: "Zile nyuzi ulizotoa, umezipeleka wapi?" Mwulize mpiga solo swali hilo, atakushangaa. Nyuzi zake ni nyembamba, zikichakaa anazitupa na maisha yanaendelea. Mpiga besi hatupi. Mahali fulani chumbani kwake kuna bahasha (zamani ulikuwa mfuko wa Rambo, kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku mwaka 2019), na ndani yake mna nyuzi nne zilizojikunja kama nyoka, zinangoja gitaa jingine.

Sababu ya kwanza ni pesa, tusidanganyane. Seti ya nyuzi nne za besi huuzwa ghali kuliko seti ya nyuzi sita za gitaa la kawaida, mara nyingi ghali zaidi ya mara mbili. Na ukiishika mkononi unaelewa kwa nini. Uzi mnene kuliko wote, ule wa E, una unene unaokaribia milimita 2.7. Hiyo ni waya juu ya waya, chuma cha kutosha kabisa.

Lakini nimechoka kusikia vijana wenzangu wakisema kuwa kuhamisha nyuzi zilizotumika kutoka gitaa moja kwenda jingine ni "mambo ya Kibongo", tabia ya shida yetu. Na nimechoka vilevile kusikia wazee wa zilipendwa wakisema kuwa nyuzi kuukuu ndizo zilizoufanya muziki wao uwe mtamu, eti vijana tumeharibu kwa kupenda vitu vipya. Pande zote mbili zinasema nusu ya habari. Hebu twende taratibu.

Uzi wowote unaweza kuufanya utoe sauti nene kwa njia tatu: uurefushe, uulegeze, au uuongezee uzito. Ulaya kwa karne nyingi walitumia nyuzi za utumbo wa kondoo. Ukitaka uzi wa utumbo utoe besi lazima uwe mnene kama kamba ya kufungia mbuzi, na ukishakuwa mnene hivyo unakuwa mgumu, hautikisiki vizuri, unasikia kama mtu anapiga gunia la mahindi. Dawa ikawa kuurefusha, na ndiyo maana fidla za sauti nene za zamani zilikuwa na maumbo makubwa ya kutisha.

Katikati ya karne ya 17 mafundi wakapata ujanja: chukua uzi mwembamba wa utumbo, uviringishie waya wa chuma juu yake mzunguko kwa mzunguko. Uzito unaongezeka, ulaini wa ndani unabaki. Mwaka 1664 nyuzi za namna hiyo zilikuwa tayari zinasifiwa London katika kitabu cha muziki cha John Playford. Huko Bologna, Italia, mafundi wakaanza kuifupisha fidla kubwa ya besi mpaka ikawa ile tunayoiita chelo. Yaani uzi ndio uliobadilisha chombo. Naomba mlishike hilo, kwa sababu litarudi.

Gitaa la besi la umeme tunalolijua liliingia sokoni mwaka 1951, Leo Fender alipolitoa lile la Precision kutoka Fullerton, California. Kabla ya hapo mpiga besi alisimama na dabo besi refu kuliko yeye mwenyewe. Fender alipima urefu wa uzi unaotikisika, kutoka daraja la chini mpaka kidaraja cha juu shingoni, akaweka inchi 34, kama sentimita 86. Sasa, gitaa la umeme halisikii hewa. Linasikia chuma kinachotikisika juu ya sumaku. Kwa hiyo mpiga dabo besi aliyehamia gitaa jipya hakuweza kuhamisha nyuzi zake za utumbo hata kama angetaka: sumaku haina habari na utumbo wa kondoo. Huo ulikuwa mpaka wa kwanza ambao nyuzi zilishindwa kuuvuka.

Tuhamie Uingereza, kwa sababu huko ndiko utaona mambo ambayo ungedhani ni ya Dar es Salaam. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa dola, na tangu 1951 mpaka 1959 magitaa ya Marekani yalizuiwa kuingizwa nchini humo. Soma tena sentensi hiyo. Nchi tajiri, iliyokuwa bado inatutawala, vijana wake walikuwa wanaangalia Fender kwenye picha za majalada ya santuri kama sisi tulivyokuwa tunaangalia magari ya kifahari kwenye kalenda. Hata baada ya kizuizi kuondolewa, nyuzi za besi ziliendelea kuwa adimu na ghali kwa kijana wa mtaani.

Paul McCartney wa Beatles mwenyewe amesimulia walivyoishi enzi zile. Nyuzi za besi zilikuwa za shida, kwa hiyo mara mojamoja walichomoa uzi kwenye piano. Fikiria mwenye ukumbi anakaa kwenye piano lake asubuhi, anabonyeza, kimya! Ujanja huo una mantiki yake. Nyuzi nene za piano zina moyo wa chuma cha pua uliozungushiwa shaba. Shaba haivutwi na sumaku, lakini ule moyo wa ndani unavutwa, kwa hiyo gitaa linausikia. Tatizo ni kwamba uzi wa piano umetengenezwa kukazwa kwa nguvu kubwa mno kuliko gitaa linavyoweza kuhimili, ukiulegeza mpaka gitaa lipone, unakuwa hauko sawasawa. Unafanya kazi, lakini kwa shingo upande.

Mwaka 1961, Beatles wakiwa Hamburg, Ujerumani, McCartney akashika besi moja kwa moja, akanunua lile gitaa la Höfner lenye umbo la fidla. (Mnalikumbuka? Liliibwa mwaka 1972, likapatikana baada ya zaidi ya miaka 50, habari ikatangazwa Februari 2024. Mimi kama mwandishi wa habari nilisoma ile habari mara tatu kwa wivu.) Höfner lile lina urefu wa inchi 30 tu. Na hapo ndipo somo la kuhamisha nyuzi linapoanza kuwa gumu, nitalirudia chini.

Kisa kinachonifurahisha kuliko vyote ni cha John Entwistle wa The Who. Mwaka 1965 bendi hiyo ilikuwa inatengeneza wimbo wa "My Generation", ambao ndani yake besi inapewa nafasi ya kujibizana peke yake, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa muziki wa rock wa wakati huo. Entwistle alitaka sauti kali, ing'ae kama nyuzi za piano. Nyuzi za besi zilizokuwa sokoni karibu zote zilikuwa zile zilizoviringishiwa utepe bapa, laini kwa kidole, sauti ya upole. Ila gitaa la Danelectro kutoka Marekani lilikuja na nyuzi nyembamba zilizoviringishiwa waya wa mviringo, zenye makali aliyoyatafuta.

Akalinunua. Uzi ukakatika. Akaenda kutafuta uzi wa kubadilisha, hakuna! Danelectro lilikuja na nyuzi zake, na dukani hazikuwapo za akiba. Basi akafanya nini? Akanunua Danelectro jingine. Uzi ukakatika tena. Akanunua la tatu. Mwisho wa yote, toleo lililotoka Oktoba 1965 alilipigia Fender Jazz lenye zile nyuzi laini za kawaida.

Nimeona watu wakicheka kisa hiki kama kisa cha tajiri mjinga. Mimi sikicheki. Huyu alikuwa kijana wa miaka 20 au 21 anayenunua gitaa zima, na mbao zake na sumaku zake, kwa ajili ya nyuzi nne. Kwake gitaa lilikuwa ndilo bahasha, nyuzi ndiyo barua. Mwaka uliofuata, 1966, alikwenda kwa James How, mwenye kiwanda cha nyuzi cha Rotosound, wakakaa naye mpaka zikatoka nyuzi za waya mviringo ambazo kila kamba kati ya nne ililia sawasawa. Zinauzwa mpaka leo, na namba yake ya 66 imebaki pale pale. Kuanzia hapo Entwistle hakuwa na haja ya kuhamisha chochote. Angeweza kuweka mpya kila alipotaka.

Sasa vukeni bahari, tuingie Detroit, mkutane na mtu wa kinyume chake.

James Jamerson ndiye aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi sana za Motown za miaka ya 1960. Alianzia kwenye dabo besi, kisha akahamia gitaa la Fender Precision; lile lake maarufu lilikuwa la mwaka 1962, wenzake wakaliita "Funk Machine". Aliweka nyuzi nene za utepe bapa za La Bella, alipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada, na chini ya kile kifuniko cha daraja kulikuwa na kipande cha sponji kinachozima mlio usirefuke. Na nyuzi hakubadilisha. Zilikaa mpaka zikatike. Inasimuliwa kuwa aliamini utamu wenyewe unakaa kwenye ule uchafu.

Sikilizeni besi ya "What's Going On" ya Marvin Gaye, ya 1971. Hakuna kung'aa hata kidogo. Kila noti inatua kama mguu wa mtu mzito anayejua anakokwenda. Ungempa Jamerson nyuzi mpya za Rotosound siku ile, ule wimbo ungekuwa kitu kingine. (Albamu hiyo ndiyo iliyoandika jina lake kwenye jalada. Kabla ya hapo Motown haikuwa na desturi ya kuwataja wapigaji wake, dunia nzima ilicheza besi yake bila kujua ni ya nani.) Siku chache kabla hajafariki, Agosti 1983, gitaa lile liliibwa, na nyuzi zake zikiwa juu yake.

Kwa hiyo tuna watu wawili. Mmoja ananunua magitaa kwa ajili ya uzi mpya, mwingine anakaa na uzi mmoja kama mke wa ndoa ya kanisani. Wote wakubwa. Wanaosema nyuzi kuukuu ni mbovu tu wamjibu Jamerson. Wanaosema kuukuu ndiyo siri ya muziki wamjibu Entwistle.

Lakini ni nini hasa kinachoendelea ndani ya uzi unapozeeka? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wanaodhani ni uchawi ndio wanaoharibu magitaa.

Kwanza, jasho, mafuta ya vidole na ngozi inayomomonyoka huingia kati ya mizunguko ya waya. Takataka hiyo inaufanya uzi uwe mzito na inakula ile milio midogo ya juu inayoleta kung'aa. Pili, chuma chenyewe kinapata kutu na kuchoka. Tatu, kila unapokandamiza uzi juu ya freti, freti inauchimba kidogo chini yake, baada ya miezi uzi una vishimo vidogo mahali palepale.

Kuhusu ile takataka, kuna dawa ya maskini inayojulikana dunia nzima: kuchemsha. Unatoa nyuzi, unazikunja, unazitia kwenye sufuria ya maji yanayotokota kwa dakika kadhaa, unazikausha vizuri sana, unazirudisha. Wengine wanazilaza kwenye spiriti usiku kucha, na hiyo naiona bora, kwa sababu spiriti hupotea hewani na haiachi unyevu wa kuleta kutu. Zikirudi zinalia karibu kama mpya, kwa siku chache. Siki usiweke, inakaribisha kutu. Na dawa hii ni ya nyuzi za waya mviringo. Zile za utepe bapa hazina nafasi nyingi ya kuhifadhi uchafu, wala anayezipenda hazipendi kwa kung'aa.

Kutu, uchovu wa chuma na vishimo vya freti havichemshiki. Ukihamishia uzi wenye vishimo kwenye gitaa lenye urefu tofauti, vishimo vinaangukia mahali pasipo na freti, uzito wa uzi hauko sawa kwenye urefu wote, na utakuta gitaa halikai kwenye tyuni: ukilisawazisha huku chini, kule juu linapotoka. Watu wanalilaumu gitaa jipya. Gitaa halina kosa.

Halafu kuna hesabu ya urefu. Kwenye kwaya ninayopigia besi, gitaa letu la kwanza lilivunjika shingo. Lilikuwa fupi, la inchi 30, lenye vifunguo viwili huku na viwili huku, kama Höfner. Tukapata jingine, refu la inchi 34, vifunguo vyote vinne mstari mmoja. Mama mweka hazina, mtu mwema na mwenye macho makali kwenye daftari, akanizuia kununua seti mpya kwa sababu nyuzi za gitaa la zamani zilikuwa na mwezi mmoja tu.

"Mwanangu, uzi si ni uzi?" akasema.

Nikamwomba futi kamba. Nikampimia mbele ya mwalimu wa kwaya. Gitaa jipya lilihitaji inchi nne zaidi kabla hata uzi haujafika kwenye kifunguo. Na kwenye gitaa la vifunguo mstari mmoja, uzi wa G, ule mwembamba, ndio unaokwenda mbali kuliko wote, mpaka ncha ya kichwa. Kwenye la zamani, uzi wa G ulifungwa kwenye kifunguo cha karibu, na ziada yake ilishakatwa. Sehemu iliyobaki iliishia hewani. Mama akautazama ule uzi kwa huzuni ya kweli, kama mtu anayetazama kanga iliyokatwa fupi. Ile seti tukawapa vijana wa usharika jirani wenye gitaa fupi la aina ileile, ikaingia bila tatizo, na mpaka ninaandika haya nyuzi tatu kati ya nne ziko kazini.

Kinyume chake, kutoka refu kwenda fupi, inawezekana, lakini kwa masharti. Sehemu nene ya uzi inalazimika kujizungusha kwenye kifunguo. Uzi wa waya mviringo mara nyingi huvumilia. Wa utepe bapa unaweza kufumuka palepale au kukatika. Ukitaka kukata, ukunje kwanza mpaka upate pembe, ndipo ukate mbele ya mkunjo, la sivyo waya wa nje unaweza kuteleza juu ya moyo wake na uzi unakufa ukiwa mpya. Na msishangae ukiwa mlegevu: kwa noti ileile, kufupisha kutoka inchi 34 hadi 30 kunapunguza mvutano kwa zaidi ya moja ya tano. Anayependa nyuzi laini atafurahi. Anayepiga kwa nguvu atasikia zikigongagonga freti.

Gitaa la aina moja kwenda gitaa la aina moja ndiyo safari salama. Mikunjo ya kwenye vifunguo inarudi mahali pake, vishimo vinaangukia kwenye freti zilezile. Uzi haujui hata kama umehama.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo ninapogombana na wazee wangu wa zilipendwa.

Bendi zetu kubwa za dansi, nyingi yake, hazikuwa za wanamuziki. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, jina likabadilika pamoja na chama kuwa JUWATA, kisha OTTU, mpaka leo tunaiita Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Polisi walikuwa na yao, jeshi lilikuwa na lake. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri: gitaa, amplifaya, spika, na nyuzi. Akiondoka, anaondoka na shati lake.

Mfumo ule ulikuwa na heri yake, siukatai. Kijana asiye na senti angeweza kupiga gitaa la umeme ambalo asingelinunua maishani. Lakini ulipofika wakati wa ukame, uliwabana wote pamoja. Mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa mpaka 1983, na Nairobi ndiko santuri zetu nyingi zilikokuwa zikichapwa. Vita ya Kagera ikaja 1978. Fedha za kigeni zikakauka. Wasomaji waliokuwa wakubwa wakati huo hawahitaji nieleze: watu walipanga foleni ya sabuni na sukari. Nchi inayotafuta dola za kununulia mafuta na dawa, nani angezitoa kwa ajili ya nyuzi za besi? Mwaka 1984 watu wakaruhusiwa kuleta bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na chini ya Mzee Mwinyi mlango ukazidi kufunguka.

Katika miaka hiyo, uzi ulipigwa mpaka mwisho wa uhai wake, na kilichotolewa kwenye gitaa lililokufa kilikwenda kwenye gitaa lililo hai, kama spea za basi. Afrika nzima ina visa vya aina hii. Franco Luambo wa OK Jazz alijifunzia gitaa la kujitengenezea, nyuzi zake zikiwa waya wa umeme uliomenywa plastiki. Magitaa ya watoto mitaani yalivaa waya za breki za baiskeli.

Na miaka hiyohiyo ndiyo iliyotoa rekodi zinazowaliza watu mpaka leo, zile kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC. Besi yake ni nene, kavu, haing'ai, inatembea chini ya magitaa mengine kama mlinzi wa usiku. Mzee mmoja wa Magomeni, mshabiki wa Sikinde asiyekubali mzaha, aliniambia: "Sauti ile hamtaipata, kijana. Nyuzi zenu mpya zinapiga kelele." Namheshimu mzee, na masikio yake pia. Uzi uliokomaa una sauti hiyo kweli, Detroit wanajua.

Lakini mzee wangu, Jamerson alichagua. Nyuzi mpya zilikuwa dukani, na yeye akasema hapana. Kumsifu mpiga besi wa Dar wa mwaka 1982 kwa "kuchagua" nyuzi kuukuu ni kama kumsifu mtu aliyetembea kwa miguu toka Ubungo wakati mabasi hayapo. Alitembea vizuri, ndiyo. Alipiga vizuri mno. Ila tusiandike kwenye historia kwamba alipenda mazoezi. Tukiandika hivyo, tunaufuta ule ufundi wake halisi, wa kukaa na kitu kilichochakaa na kukilazimisha kiseme anachotaka aseme.

Na kuna tofauti nyingine ambayo naona ni kubwa zaidi. Gitaa la Jamerson lilikuwa la Jamerson. Ile sauti aliyoilea kwa miaka, uchafu wake, vishimo vyake, vyote alikwenda navyo alikokwenda, mpaka mwizi alipoingilia. Huku kwetu, mwaka 1978 wanamuziki mashuhuri waliondoka JUWATA wakaenda kuanzisha Mlimani Park, iliyokuwa kwanza chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na tangu 1983 chini ya DDC. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akawachukua wengine kutoka Mlimani, Muhiddin Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar wakiwemo, wakaunda Safari Sound ya "Ndekule". Magazeti na mashabiki walihesabu nani kahama na nani kabaki. Sauti za waimbaji zilihama. Mitindo ilihama. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, na kila walikohamia, vidole vilikuta nyuzi za watu wengine, zenye vishimo vilivyochimbwa na mkono mwingine.

Ninatafuta wazee waliokuwa wakishika besi kwenye bendi za mashirika kati ya 1977 na 1986, wa Dar, Tanga, Morogoro, Tabora, popote. Nyuzi mlizipata kwa nani, seti moja ilikaa miezi mingapi, na siku ulipohama bendi, kuna aliyethubutu kuondoka na nyuzi zake mfukoni? Nitakuja na daftari. Soda nalipa mimi.